Chumvi Kidogo katika Tangi la Samaki

Mfugaji atiaye chumvi tangini ili kuwapunguzia vifaranga wa kambare taabu ya safari, mara nyingi huyapima maji kwa kipimo cha kioo kieleacho. Chombo hicho chafaa maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi katika kila lita. Gramu 1 tu hakiionyeshi sawasawa: maji yakipata joto kutoka digrii 20 hadi 25 hupungua uzito kuliko ule ulioongezwa na gramu hiyo. Basi mtu hudhani chumvi imekwisha, huongeza tena na tena, na vifaranga wakadhurika.

Afadhali mizani ya dukani! Tangi la lita 1,000 lataka kilo 1. Maji yakipunguzwa na jua, chumvi hubaki. Jazeni maji matupu. Mwenye fedha na anunue kipimo cha umeme, kwani maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi zaidi.