Kutu ya bodi ya gari

Kutu ya bodi ya gari ni uharibifu wa bati la gari unaotokea chuma kinapoungana na oksijeni ya hewa mahali penye maji au unyevu. Dalili zake ni madoa ya hudhurungi, rangi kuvimba kama malengelenge, na mwishowe bati kutoboka. Katika jiji la Dar es Salaam, pamoja na mitaa ya pembezoni ya Kinondoni na Temeke, tatizo hili ni la kawaida kwa sababu bahari iko karibu, hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, na magari mengi huingizwa nchini yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi.

Watu wengi huiona kutu kama dosari ya sura tu. Katika magari mengi madogo ya leo, hata hivyo, hakuna chesisi inayojitegemea: bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, shokapu, viti na mikanda ya usalama. Bodi ikioza, nguvu ya gari zima hupungua. Kwa hiyo kutu huhitaji kuondolewa, si kufunikwa.

Jinsi kutu inavyotokea

Bodi ya gari hutengenezwa kwa feleji, yaani chuma chenye kaboni kidogo. Unene wa bati la milango au boneti kwa kawaida ni chini ya milimita 1. Maji yanapogusa feleji iliyo wazi, sehemu moja ya chuma hupoteza elektroni, na sehemu nyingine huzipokea kwa msaada wa oksijeni iliyomo katika maji. Zao lake ni oksidi ya chuma iliyoshika maji, ndiyo kutu.

Oksidi ya alumini hushikamana na kuwa ngao ya metali iliyo chini yake. Kutu haifanyi hivyo. Ina vinyweleo, hupitisha maji na hubanduka, ikiacha chuma kipya wazi ili nacho kiliwe. Tena huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilichoizaa. Ndiyo maana rangi huinuka na kupasuka ingawa juu haijakwaruzwa.

Chumvi huharakisha kazi hiyo, kwani maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji matupu. Chumvi pia hufyonza unyevu wa hewa, hivyo bati lenye chumvi hubaki na majimaji hata siku isiyo na mvua. Joto nalo huongeza kasi.

Viwandani, bodi hukingwa kwa tabaka kadhaa. Bati nyingi hupakwa zinki, njia iliyopewa hataza na Mfaransa Stanislas Sorel mwaka 1837. Zinki huliwa kwanza badala ya chuma. Kisha bodi hupitishwa katika dawa ya fosfeti na kuzamishwa ndani ya praima inayovutwa kwa umeme hadi kwenye pembe za ndani, njia iliyoenea tangu miaka ya 1970. Fundi wa mtaani hawezi kurudisha kinga hiyo yote, kwa hiyo rangi ya kiwandani ambayo bado ni nzima haifai kukwanguliwa bila sababu.

Mazingira ya Dar es Salaam

Kutu ya hewani hushika kasi unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 60, kiwango ambacho Dar es Salaam hukipita sehemu kubwa ya mwaka. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na upepo hubeba matone madogo ya maji hayo hadi nchi kavu. Magari yanayolala karibu na ufuko, kama vile Msasani, Kawe na Kunduchi, hupata chumvi hiyo kila siku.

Chanzo kingine ni maji ya kuoshea. Visima vingi vya jiji, hasa vilivyo karibu na pwani, hutoa maji ya chumvi. Gari linaloshwa kwa maji hayo na kuachwa likauke juani hubaki na chumvi katika maungio na chini ya raba za milango. Mwenyewe hudhani amelitunza, kumbe analilisha kutu.

Katika barabara za vumbi za Mbagala, Chamazi, Bunju na Mabwepande, kokoto hurushwa na tairi na kubandua rangi ya chini ya gari. Wakati wa mvua tope hujaa ndani ya madigadi na kukaa na unyevu. Magari yaliyozama katika mafuriko, kwa mfano katika bonde la Msimbazi pale Jangwani, huweza kuoza sakafu kutoka ndani kwa sababu sufi iliyo chini ya kapeti hukawia kukauka.

Magari yaliyotumika kutoka Japani

Magari mengi madogo ya jijini, kama Toyota IST, Vitz na Noah, yaliletwa kutoka Japani yakiwa yametumika. Huko kaskazini, hasa kisiwa cha Hokkaido, chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji ili kuyeyusha barafu. Gari lililotumika sehemu hizo huweza kuwa na rangi safi juu na kutu nyingi chini.

Mnunuzi anaweza kusoma karatasi ya mnada. Katika karatasi nyingi za Kijapani herufi S huonyesha kutu, na C huonyesha bati lililoliwa zaidi. Namba inayofuata huonyesha ukubwa wa tatizo: C2 ni mbaya kuliko C1. Ni vizuri pia kuomba picha za chini ya gari, si za ubavuni tu.

Sehemu zinazoanza kuoza

Kutu huanza mahali ambapo maji hukaa bila kuonekana:
- vizingiti vya milango, yaani boriti za chini ya milango;
- ukingo wa chini wa milango, matundu ya kutolea maji yakiziba;
- ukingo wa madigadi juu ya tairi;
- chini ya raba za kioo cha mbele na cha nyuma;
- sehemu ya tairi la akiba ndani ya buti;
- chini ya betri, ambapo tindikali humwagika;
- sakafu, mahali shokapu zinaposhikiliwa, na paipu za breki.

Sehemu ya mwisho katika orodha hii ndiyo ya hatari zaidi. Paipu ya breki iliyolika inaweza kupasuka dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Haipakwi rangi wala kuzibwa, hubadilishwa.

Uchunguzi

Kutu ya juu ni ile iliyogusa uso wa bati tu. Kutu ya kati huacha vishimo na malengelenge. Ya mwisho hutoboa. Ili kuzitofautisha, sehemu hugongwa taratibu kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia; lililooza hutoa sauti nzito, au hubonyea. Sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa hugundua puti: ikishika vizuri sehemu moja na kuteleza nyingine, hapo pana puti nene. Jaribio hili humfaa sana anayenunua gari mkononi mwa mtu. Kapeti nayo iinuliwe, na gari lipandishwe au liingizwe kwenye shimo la gereji.

Matengenezo ya kutu ya juu

1. Sehemu huoshwa kwa sabuni na maji yasiyo na chumvi, kisha hukaushwa kabisa.
2. Rangi na kutu huondolewa kwa brashi ya waya, grenda au msasa namba 80 hadi bati ling'ae, na kuvuka mpaka wa doa, kwa kuwa kutu hutambaa chini ya rangi inayoonekana nzima.
3. Vishimo vinavyobaki hupakwa dawa ya asidi ya fosforasi, inayogeuza mabaki ya kutu kuwa fosfeti ya chuma. Mabaki ya dawa husafishwa kama maelezo ya chupa yanavyotaka.
4. Praima ya epoksi hupakwa mapema, ikiwezekana siku hiyohiyo. Katika hewa ya Dar es Salaam bati lililong'arishwa na kuachwa usiku kucha huweza kuanza kutu tena.
5. Puti, ikihitajika, hupakwa kwa tabaka jembamba la kusawazisha tu, kisha husuguliwa kwa msasa laini zaidi.
6. Praima ya pili, rangi na klia hufuata. Siku ya mvua kazi ya rangi huahirishwa.

Bati lililotoboka

Tundu halitibiwi kwa dawa. Sehemu iliyooza hukatwa hadi kwenye chuma kizima, kisha kipande kipya cha unene uleule huchomelewa na kupakwa kinga pande zote mbili. Kabla ya kuchomelea, betri huchomolewa, na kapeti na vitu vinavyoshika moto huondolewa. Kazi ya karibu na tanki la mafuta haifanyiki kabla ya tanki kutolewa. Kizingiti, sakafu na mahali pa shokapu huhitaji fundi mzoefu wa kuchomelea. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), yenye chuo Chang'ombe wilayani Temeke, hufundisha fani za aina hii.

Kufunika kutu kwa puti

Njia ya mkato ni kujaza tundu kwa puti, wakati mwingine juu ya gazeti au wavu, kisha kupiga rangi. Gari hupendeza kwa muda. Lakini puti ya poliesta hufyonza unyevu, na kutu iliyoachwa chini yake huendelea. Puti haina nguvu ya kubeba mzigo: kizingiti kilichojazwa puti huvunjika katika ajali kama kitu kikavu. Hasara humwangukia mnunuzi anayefuata, na malengelenge yanaporudi tundu huwa kubwa kuliko mwanzo. Kwa mwenye fedha kidogo ni afadhali kusafisha kutu na kupaka praima tu, hata kama gari litabaki na kiraka cha kijivu, kuliko kuificha chini ya rangi inayong'aa.

Kinga

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkwaruzo unaofika kwenye bati upakwe praima na rangi mapema. Gari lioshwe na chini pia, kwa maji baridi ya bomba au ya mvua, hasa baada ya kupita ufukweni au kwenye maji ya mafuriko. Matundu ya milango yazibuliwe kwa kijiti. Kapeti zilizolowa zitolewe na kuanikwa. Turubai la plastiki juu ya gari lililolowa hufungia unyevu. Kivuli chenye upepo ni bora zaidi.

Baadhi ya watu hupuliza oili chafu chini ya gari. Kweli huzuia maji kwa muda, lakini huharibu raba, hunasa vumbi na kuchafua udongo na visima. Nta ya kupuliza ndani ya vizingiti, au lami maalumu iliyopakwa juu ya bati safi na kavu, hufaa zaidi. Lami ikipakwa juu ya kutu huifungia ndani.

Usalama wa mafundi

Vumbi la grenda na puti hudhuru mapafu na macho, kwa hiyo miwani na barakoa huhitajika. Rangi na klia nyingi zinazochanganywa na hadina, yaani dawa ya kukaushia, zina isosainati, kemikali inayoweza kuleta pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haiizuii, na katika gereji za chini ya miti karibu na nyumba majirani na watoto huivuta pia. Kazi hiyo ifanyike mahali penye hewa ya kutosha, mbali na watu na moto, na fundi avae barakoa yenye vichujio vya kemikali.