Utoaji wa Habu na Dramu za Breki katika Ekseli ya Nyuma ya Malori ya Zamani: Ufafanuzi wa Muundo na Mfuatano wa Kazi

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna habu na dramu za breki zinavyotolewa katika ekseli ya nyuma ya malori yaliyoundwa kati ya miaka ya 1940 na 1980. Hoja yake kuu ni kwamba mfuatano wa kazi hii hautokani na mazoea ya gereji, bali na muundo wa ekseli yenyewe. Fundi anayejua ni kitu gani kinabeba uzito wa gari, na ni kitu gani kinaishikilia dramu, huweza kuitoa bila kuivunja. Aidha, makala inajadili hatari mbili zinazopuuzwa mara nyingi, yaani springi ya breki ya hewa na vumbi la asbesto.

1.0 Utangulizi

Bedford TJ, lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1958, Mercedes-Benz zenye pua ndefu na Scania zilizounganishwa na kiwanda cha TAMCO cha Kibaha ni miongoni mwa malori yaliyobeba mizigo ya Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa. Vitabu vya mwongozo vya malori hayo viliandikwa kwa lugha za Ulaya. Fundi mzungumzaji wa Kiswahili, kwa sehemu kubwa, amejifunza kazi kwa kumtazama fundi aliyemtangulia. Njia hiyo ya kujifunza ina nguvu zake, lakini ina kasoro moja: humfundisha mwanafunzi kitendo bila sababu yake. Lori la aina nyingine linapoingia gereji, kitendo kilekile hurudiwa mahali pasipostahili.

Istilahi nazo huchangia tatizo hili. Neno “habu” katika mazungumzo ya gereji huweza kumaanisha kitovu cha gurudumu peke yake, au kitovu pamoja na dramu iliyofungwa juu yake. Kwa hiyo agizo la “toa habu” linaweza kuwa kazi ya dakika ishirini au kazi ya nusu siku. Katika makala hii, habu ni kitovu kinachozunguka juu ya beringi na kubeba stadi za gurudumu. Dramu ni chungu cha chuma ambacho viatu vya breki hukibana kutoka ndani. Vitu hivi viwili havitachanganywa.

2.0 Kitu kinachobeba uzito

Swali la kwanza ni hili: uzito wa lori unapita wapi kabla ya kufika kwenye tairi? Katika malori mengi ya mizigo ekseli ni ile inayoelea kikamilifu. Habu hukaa juu ya beringi mbili za roli zenye umbo la koni, na beringi hizo hukaa juu ya bomba la nyumba ya ekseli. Shafti ya ekseli hupita ndani ya bomba hilo ikitoka kwenye difu, nayo haibebi uzito wowote wa gari. Kazi yake ni kuzungusha tu. Ndiyo maana shafti ya lori la namna hii inaweza kuchomolewa huku gurudumu likiwa chini na mzigo ukiwa juu. Dalili yake huonekana kwa macho: katikati ya gurudumu pametokeza kichwa cha shafti kilichozungukwa na duara la nati.

Urahisi huo una mtego. Shafti ikishachomolewa, gurudumu halina tena uhusiano na gia, wala na handbreki ya aina inayobana shafti kuu nyuma ya giaboksi. Lori lililoachwa katika gia ya kwanza huweza kuteremka lenyewe. Kabari za magurudumu ya mbele huwekwa kabla ya nati ya kwanza kulegezwa, si baadaye.

Katika magari mepesi zaidi, mathalani Dodge ndogo za Marekani za miaka ya 1940 na 1950, ekseli huelea nusu. Hapa shafti hubeba uzito na pia huzungusha. Ncha yake imechongwa kama koni, na habu imebanwa juu ya koni hiyo kwa ufunguo wa chuma na nati moja kubwa. Habu ya aina hii haitoki kwa kuvutwa kwa mkono wala kwa nyundo. Inahitaji pula inayofungwa kwenye stadi za gurudumu na kusukuma ncha ya shafti. Nati kubwa hulegezwa mizunguko michache na kuachwa papo hapo, kwa kuwa koni iliyobanwa kwa miaka huachia ghafla na kuirusha habu pamoja na pula. Kugonga ncha ya shafti kwa nyundo nzito hupeleka pigo moja kwa moja kwenye beringi na ndani ya difu.

3.0 Kitu kinachoishikilia dramu

Swali la pili huulizwa mara chache zaidi, ingawa ndilo linaloamua ukubwa wa kazi. Dramu inaweza kuvikwa juu ya uso wa nje wa habu, ikashikiliwa na nati za gurudumu pamoja na skrubu mbili au tatu zilizozama. Dramu hiyo hutoka bila kugusa beringi. Au inaweza kufungwa nyuma ya habu, upande wa ndani. Hapo haitoki mpaka habu yenyewe itoke, na kuipiga ni kuipiga beringi. Skrubu zilizozama mara nyingi zimefunikwa na kutu na rangi hata hazionekani. Uso wa dramu unapaswa kukwanguliwa kwa brashi ya waya kabla ya kuamua kwamba hazipo.

4.0 Mfuatano wa kazi katika ekseli inayoelea kikamilifu

Nati za magurudumu hulegezwa tairi likiwa bado chini. Malori mengi ya Uingereza na Marekani ya wakati huo yana hesi ya kushoto kwenye stadi za upande wa kushoto, ili mzunguko wa gurudumu usizilegeze. Nati hizo hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea kulia, kinyume cha desturi. Herufi L iliyogongwa kwenye ncha ya stadi ndiyo alama ya kutafuta. Asiyeitazama huongeza urefu wa bomba kwenye spana hadi stadi ikatike.

Ikiwa lori lina breki ya kuegesha inayotumia springi kali ndani ya chemba ya hewa, springi hiyo hufungwa kwanza kwa bolti yake maalumu. Chemba yenyewe haifunguliwi kabisa. Springi iliyomo imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua.

Baada ya ekseli kuinuliwa na kukaa juu ya stendi imara, nati za kichwa cha shafti hutolewa. Katika ekseli nyingi, kila stadi imezungukwa na koni ndogo iliyopasuliwa inayokibana kichwa cha shafti. Pigo la nyundo ya shaba katikati ya kichwa hicho huzifanya koni ziruke. Patasi haingizwi kati ya kichwa na habu, kwa sababu nyuso hizo mbili ndizo zinazozuia oili ya difu isivuje. Shafti huvutwa ikiwa imenyooka, na karai huwekwa chini kupokea oili.

Ndani huonekana nati ya kufungia, washa yenye ulimi uliokunjwa, kisha nati ya kurekebisha beringi. Hizi zina spana yao pana, na matumizi ya patasi badala ya spana hiyo ndiyo uharibifu wa kawaida kuliko wote: vipande vya chuma vinavyomeguka huangukia kwenye beringi. Habu huvutwa sentimita chache, beringi ya nje hupokelewa kwa mkono, kisha habu huteleza nje. Dramu ya inchi 16.5 (mm 419) peke yake huwa na uzito wa takriban kilo 50. Pamoja na habu, ni mzigo wa jeki ya magurudumu, si wa mgongo wa msaidizi. Ikiachwa iegemee bomba, huharibu hesi na sili.

5.0 Dramu inapogoma

Dramu isiyotoka inazuiwa na kitu kinachoweza kutambuliwa, na utambuzi huanza kwa kuizungusha. Isipozunguka kabisa, viatu vya breki bado vimeibana. Hulegezwa kupitia tundu la bamba la nyuma kwa kurudisha gurudumu dogo lenye meno, au, katika breki za hewa, kwa kurudisha bolti ya mkono wa kurekebishia. Ikizunguka kwa urahisi lakini haisogei nje hata kidogo, tatizo ni kutu mahali inapokutana na habu, au skrubu iliyosahaulika. Ikisogea milimita chache kisha ikakwama, kuna ukingo uliobaki kwenye mdomo wa ndani baada ya bitana kuila dramu kwa miaka. Viatu vinapaswa kurudishwa zaidi ili vipite chini ya ukingo huo. Hali hizi tatu zina tiba tofauti, lakini nyundo hutumika kwa zote.

Dramu nyingi ni za chuma cha kalibu, ambacho hupasuka badala ya kupinda. Ikilazimu kugonga, pigo hupelekwa kwenye uso kati ya stadi, kwa zamu pande zote, kamwe si kwenye ukingo wa nje. Dramu nyingi zina matundu mawili yenye hesi. Bolti zikikazwa humo kwa zamu, robo mzunguko kila moja, huisukuma dramu bila pigo lolote.

Katika breki za mafuta, pedali haikanyagwi dramu ikiwa nje, kwani pistoni za silinda ya gurudumu hutoka.

6.0 Vumbi na ukaguzi

Bitana za malori ya kipindi hiki zilitengenezwa kwa kawaida kwa asbesto. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeziweka aina zote za asbesto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na Uingereza ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999. Hata hivyo, kupuliza dramu kwa upepo wa kompresa kungali jambo la kawaida, na wanaolivuta vumbi hilo kwa karibu zaidi ni wanagenzi wanaoshika taa. Vumbi hulowanishwa kwa maji ya sabuni, hufutwa kwa kitambaa, na kitambaa hutupwa kikiwa kibichi ndani ya mfuko uliofungwa.

Dramu iliyotolewa hupimwa kipenyo. Ile ya inchi 16.5 hufikia kikomo chake kwenye inchi 16.62, yaani takriban mm 422. Mistari myembamba ya joto usoni inakubalika. Ufa uliofika kwenye ukingo haukubaliki. Sili huwekwa mpya kila mara. Beringi hurudi kwenye kikombe chake ilekile, na baada ya kurekebishwa, mchezo wa habu kwa malori makubwa, kwa mujibu wa maelekezo yanayotumika Marekani, huwa kati ya mm 0.025 na 0.127. Kipimo hicho husomwa kwa geji ya mshale. Mkono unaotikisa tairi hauwezi kukitambua.