Mdundo wa Ngoma Katika Rangi za George Lilanga

George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1934 na kufariki Dar es Salaam mwaka 2005, alihamishia ngoma za kwao kwenye mstari na rangi. Ngoma hizo huchezwa kwenye uwanda wa juu wa Makonde, mkoani Mtwara, juu ya bonde la Ruvuma. Huko sindimba huchezwa kwa kiuno, na katika ngoma ya mapiko mchezaji huvaa kinyago kinachofunika kichwa, hatua zake zikishikana na mapigo ya ngoma.

Lilanga alianza kwa kuchonga. Miaka ya 1970, akiwa katika kituo cha wasanii cha Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, akaanza pia kuchora. Mashetani aliowachora wana masikio makubwa, matumbo yaliyotokeza na vidole vichache. Wamebanana, mkono wa huyu ukipita juu ya goti la yule, hata nafasi tupu ikakosekana. Rangi ni bapa, kali, bila kivuli. Umbo lilelile hurudi likiwa limegeuzwa kidogo, na hapo ndipo jicho linapoanza kufuata mdundo.

Mchoraji Wassily Kandinsky naye aligeuza muziki kuwa rangi: baada ya kusikiliza tamasha la muziki wa mtunzi Arnold Schoenberg mjini Munich Januari 1911, alichora tamasha hilo kwa mabaka ya njano na nyeusi, watu wakiwa karibu kutoweka. Lilanga hakuuondoa mwili, na hilo ni sahihi kabisa: katika sindimba, kiuno nacho ni sehemu ya muziki.