Ukuta na Utando: Istilahi za Kueleza Kazi ya Penisilini

Mfasiri aandikapo kwamba penisilini "huua vijidudu", hajasema uongo, lakini hajakamilisha maana. Neno vijidudu hujumuisha bakteria, virusi na vinginevyo, ilhali penisilini huangamiza bakteria tu, tena si wote. Msomaji aweza kudhani kuwa dawa hiyo yafaa hata kwa mafua, ambayo huletwa na virusi. Ili tuteue istilahi barabara, yatupasa kwanza kuielewa kazi yenyewe.

Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's, London, Alexander Fleming aliona kwamba bakteria waliokuwa karibu na kuvu ya jamii ya Penicillium walikuwa wameangamia. Kilichowaangamiza ndicho alichokiita penisilini.

Seli ya bakteria ina utando, yaani ngozi laini inayochuja viingiavyo na vitokavyo. Nje ya utando huo, aghalabu pana ukuta imara wa peptidoglikani. Ukuta huu wafanana na ule wa nyumba ya miti: nyuzi ndefu za sukari ndizo fito, na minyororo mifupi ya asidi amino ndiyo kamba zinazozifunga fito hizo. Mafundi wa kufunga ni vimeng'enya maalumu.

Penisilini hujibana katika vimeng'enya hivyo, visiweze kufunga tena. Bakteria anayekua huendelea kuufumua ukuta wake ili aupanue, lakini fito mpya hazifungwi. Ukuta hulegea, maji huingia kwa osmosisi, na utando uliokosa egemeo hupasuka. Seli za binadamu zina utando, lakini hazina ukuta. Ndiyo maana penisilini haizipasui. Virusi navyo si seli, wala havina ukuta huo wa kushambuliwa.

Kwa hiyo ukuta wa seli na utando wa seli si visawe. Anayeandika kwamba penisilini "huharibu utando" amewaambia wanafunzi kuwa dawa hiyo hushambulia kitu ambacho hata miili yao inacho.

Vivyo hivyo neno usugu. Baadhi ya bakteria hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja penisilini, jambo lililoelezwa na Abraham na Chain mwaka 1940. Basi tuandike "bakteria wamekuwa sugu", wala si "mwili umeizoea dawa". Mgonjwa aliyeelewa tofauti hiyo hujua pia kwamba usugu wa bakteria waweza kumfikia jirani yake.