Dola 300 za koperative: tununue aparei gani ya foto?

Mnunuzi wa mpunga aliye Uvira anataka kuona magunia kabla ya kutuma kamio. Mfadhili anaomba foto ya depo. Agronomu anauliza kwa telefone: majani ya mihogo yamejikunja, au yana madoa ya njano? Na wanachama wapya bado hawana foto za kadi. Basi kwenye komite mtu anasimama na kusema: tununue aparei kubwa, ile ya kuning'inia shingoni, tumalize mambo.

Ndugu wanachama, wazo si baya. Lakini makuta hayo yametoka kwenye mihogo, mawese, karanga na ndagala za watu wote, na kila mmoja wenu anajua ni magunia mangapi yanaingia ndani ya dola 300. Aparei ikinunuliwa vibaya inakaa kabatini kwa rais wa koperative, betri imekufa, na kwenye mkutano mkuu inakuwa ugomvi. Tuseme basi mna dola 300, hakuna zaidi. Tunafanyaje?

Telefone kwanza

Kabla ya kutoa hata franka moja, angalieni telefone mlizonazo. Mchana, shambani, telefone nzuri ya Android inapiga foto ya jani ikatoka safi kabisa. Tena kuna programu iitwayo PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na IITA na FAO. Inajua Kiswahili, na ikishawekwa ndani ya telefone inafanya kazi hata pasipo na rezo. Unaielekeza kwenye jani la muhogo, nayo inakuambia kama inaona batobato (wengine tunasema mozaiki), michirizi ya kahawia, au utitiri. Aparei kubwa haiwezi kazi hiyo. Kama shida yenu ni majani tu, simameni hapa, makuta yabaki sandukuni.

Aparei inaanza kuishinda telefone pale mwanga unapopungua: ndani ya depo isiyo na dirisha, kwenye mkutano wa jioni, kanisani siku ya ndoa. Sababu ni rahisi. Ndani ya kila aparei kuna kipande kinachopokea mwanga. Kwenye aparei za Canon za kuanzia kina upana wa milimita 22 hivi na urefu wa 15. Kwenye telefone ni kidogo zaidi kwa mbali. Weka beseni na kikombe nje wakati mvua ni ndogo, kisha uangalie ni kipi kimepata maji. Ndiyo hivyo hivyo kwa mwanga.

Faida nyingine ni kwamba aparei inaweza kurudisha makuta. Foto za kadi, foto za watoto wakati wa kuandikishwa shuleni, ndoa, ubatizo: ni kazi ambazo watu wa Baraka, Mboko na Lulimba wanalipia. Koperative ikiwa na kijana anayejua kazi, na sehemu ya malipo ikaingia sandukuni, aparei inajilipa yenyewe polepole. Lakini bila huyo kijana, hesabu hii haipo.

Mwili wa aparei: wa zamani unatosha

Aparei tunayoizungumzia inaitwa DSLR, wenzetu wanaosema Kifaransa wanaiita reflex. Ina kioo ndani, na lensi yake inatoka, unaweka nyingine. Viwanda vikubwa, Canon na Nikon, sasa vimehamia aparei zisizo na kioo. Kwa hiyo watu wa Ulaya na wa miji mikubwa wanauza zile za zamani, na bei imeshuka. Hiyo ni bahati yetu. Msinunue mpya.

Upande wa Canon, tafuteni 1200D ya mwaka 2014, 1300D ya 2016, au 2000D ya 2018. Zote zinatumia betri moja, LP-E10, na hilo ni jambo kubwa: aparei moja ikifa, betri na chaja zinahamia nyingine. Kuna pia 4000D, nayo ya 2018, inayotumia betri hiyo hiyo. Ile naona tuiache kama mnaweza. Mahali lensi inapofungwa ni plastiki, si chuma, na lensi inayouzwa nayo mara mingi haina kituliza mtikisiko. Kwa aparei itakayopanda moto kutoka Baraka mpaka Fizi juu, plastiki hapo si pazuri.

Upande wa Nikon kuna D3200 ya 2012, D3300 ya 2014 na D3500 ya 2018. Hii ya mwisho ina sifa moja inayotufaa kuliko zote: kwa kipimo cha kiwanda, betri moja inapiga foto 1,550. Canon 2000D kwa kipimo hicho inapiga 500. Kama koperative yenu iko Ubwari au mahali ambapo kuchaji ni safari, tofauti hiyo ni kubwa kuliko mambo yote wauzaji wanayoyasifu.

Lakini Nikon ina mtego wake. Aparei hizi ndogo za Nikon hazina mota ya kuvuta lensi, mota inatakiwa iwe ndani ya lensi yenyewe. Lensi iliyoandikwa AF tu, au AF-D, itafunga vizuri na foto itatoka, ila kila mara utazungusha kwa mkono. Tafuteni maandishi AF-S. Kuna na AF-P, hizo ni mpya zaidi na nzuri, lakini kwenye D3200 haziwezi kulenga kabisa, hata kwa mkono. Mtu akikuuzia D3200 pamoja na lensi ya AF-P, ama hajui ama anajua sana. Kwa Canon hakuna shida hiyo: lensi zote za EF, tangu zilipoanza mwaka 1987, zinaingia na kulenga zenyewe. Kwa koperative isiyo na mtu wa kuwashauri ku soko, mimi ningesema Canon.

Na habari ya megapikseli? Iacheni. 18 zinatosha foto ya kadi na hata bango la ukutani.

Makuta yaende kwenye lensi

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanamaliza dola zote kwenye mwili wa aparei, wanabaki na lensi ile ile iliyokuja nayo, halafu ndani ya depo foto inatoka nyeusi au imetikisika, na wanasema aparei ni mbaya. Kumbe macho ya aparei ni lensi.

Lensi ya kwanza ni ile ya kawaida, 18-55. Namba hizo ni milimita: 18 inaona eneo pana, kama depo nzima au mkutano, na 55 inavuta karibu kidogo. Chagueni yenye herufi IS kama ni Canon, au VR kama ni Nikon. Maana yake ina kituliza mtikisiko cha mkono. Lensi hii inaweza kukaribia jani hadi sentimita 25 hivi, na kwa kuonyesha jani lenye ugonjwa au mzizi wa muhogo uliokatwa na kuonekana kahawia ndani, inatosha.

Lensi ya pili ndiyo inayobadilisha kazi. Kwa Canon ni 50 mm yenye f/1.8. Ile ya mwaka 2015, iliyoandikwa STM, ilipotoka mpya iliuzwa dola 125 hivi, na iliyotumika inashuka zaidi. Ina uzito wa gramu 160 tu. Kwa Nikon ni AF-S 35 mm f/1.8.

Hiyo f ni nini? Ni ukubwa wa tundu la kupitisha mwanga, na inahesabiwa kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lensi ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho inafika f/5.6. Ukiweka f/1.8 unapata mwanga karibu mara 10. Mara 10! Ndani ya depo, jioni, mlango mmoja wazi, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuhesabu magunia kwenye foto na kuona giza. Kwa sura za watu pia inapendeza, nyuma panakuwa laini, na wateja wa ndoa wanapenda hivyo. Kasoro yake ni kwamba haivuti: ukitaka kukaribia, tembea. Na 50 mm kwenye chumba kidogo itakubana, utagusa ukuta kwa mgongo kabla watu watano hawajaingia wote. Hapo unarudisha 18-55.

Wauzaji watawapa pia lensi ndefu, 75-300, mara nyingine kama zawadi ndani ya furushi. Ile ya bei ndogo ya Canon haina kituliza mtikisiko, inapitisha mwanga kidogo, na hakuna kazi ya koperative inayoihitaji. Tena ina ubaya mwingine, tutaufikia.

Mfano wa kugawa dola 300: mwili uliotumika pamoja na 18-55 usizidi 160. Lensi ya 50 mm iliyotumika, 70. Betri ya pili, 30. Kadi mbili za memori za GB 32, 20. Zinazobaki 20 ni za mfuko, kitambaa cha kufuta lensi na ndoo yenye kifuniko. Bei zinapanda na kushuka, pimeni wenyewe. Ila mkiona mwili unakula 250, rudini kwenye mwili wa zamani zaidi, msikate lensi.

Mbele ya muuzaji

Iwe Uvira, Bujumbura au Kigoma, nenda na kadi yako ya memori na usiwe na haraka. Toa lensi, uielekeze kwenye mwanga, uangalie ndani. Ukiona kama nyuzi za buibui, hiyo ni kuvu. Vumbi kidogo si neno, kuvu usinunue, itaendelea kula. Rudisha lensi, piga foto ya mbingu nyeupe, uikuze kwenye kioo cha nyuma: madoa meusi yanayokaa mahali pamoja katika kila foto ni uchafu wa ndani. Bonyeza kila kitufe. Lenga karibu, lenga mbali, sikiliza kama lensi inasaga. Hakikisha chaja ipo na ni yake. Kisha dai risiti yenye jina la aparei na namba yake ya chini. Ukivuka ziwa au mpaka, duane watauliza, na aparei isiyo na karatasi inaweza kukugharimu mara ya pili.

Umeme na unyevu

Chaja ya Canon hizi haiingii kwenye waya wa telefone, inataka umeme wa nyumba, volti 100 hadi 240. Kwenye sola mtahitaji kigeuza umeme, au mpeleke betri pale wanapochaji telefone za watu. Inajaa kwa muda wa saa mbili hivi. Ndiyo sababu ya betri ya pili: moja inafanya kazi, nyingine iko mjini.

Ng'ambo ya ziwa letu kuvu inapenda lensi. Msifungie aparei ndani ya mfuko wa ngozi uliolowa jasho. Iwekeni kwenye ndoo kavu yenye kifuniko, pamoja na vile vipaketi vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vinakunywa unyevu. Na wakati wa kubadili lensi, elekeza tundu chini, mbali na upepo wa barabara.

Nani anaishika, na anapiga nini

Andikeni kwenye daftari: nani ameichukua, tarehe, ameirudisha lini, amepata makuta kiasi gani. Watu wawili wajifunze kazi, si mmoja, na mmoja wao awe mama. Kwenye mikutano ya wanawake picha zake zitakuwa bora, kwa sababu hawatamwogopa.

Foto ni ushahidi, na nchi yetu inalijua hilo toka zamani. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga foto za watu waliotendewa ukatili wa mpira wa Leopold. Foto hizo zilionyeshwa Ulaya na Marekani, nazo zilisaidia kufikisha mwisho wa utawala wake mwaka 1908. Lakini ushahidi unaweza pia kumponza aliye ndani ya foto. Kwa hiyo ombeni ruhusa kwanza, na kwa watoto muombe wazazi. Wanachama wetu wakimbizi wa Lusenda wana sababu zao za kutotaka sura zao zisafiri. Wakikataa, basi.

Na barabarani: mpiga foto awe na barua ya koperative yenye mhuri, shefu wa kijiji awe amejulishwa, na aparei iwe ndani ya mfuko mpaka mfike shambani. Msiielekeze kwa askari wa upande wowote, barieri, kambi, wala machimbo. Lensi ndefu kwa mbali inafanana na kitu kingine kabisa, na hapo hakuna muda wa kueleza. Foto ya magunia hailingani na mtu.

Aparei ikifika, kabla ya foto ya kwanza, fungueni menyu mrekebishe tarehe na saa. Tarehe hiyo inaandikwa ndani ya kila foto, na mnunuzi au mfadhili anaweza kuisoma. Depo iliyojaa mpunga mwezi wa sita, lakini foto ikisema Januari 2014, atauliza kwa nini. Betri ikikaa nje muda mrefu, tarehe hupotea tena, kwa hiyo iangalieni kila mnapotoka.