Kifaa cha Kupima Bangi kwenye Pumzi: Ukitaka Kuwekeza, Unanunua Nini Hasa?

Wanaouza hisa za kampuni zinazotengeneza kifaa cha kupima bangi kwenye pumzi huanza na hoja yenye nguvu. Colorado na Washington zilipiga kura kuhalalisha bangi mwaka 2012, Canada ikaihalalisha nchi nzima tarehe 17 Oktoba 2018, na Ujerumani ikalegeza sheria yake Aprili 2024. Madereva waliovuta wapo barabarani, lakini polisi hawana kifaa kama kile cha pombe ambacho Wakenya wamekizoea kwa jina la alkoblo. Atakayekuwa wa kwanza kukitengeneza, tunaambiwa, atauzia kila kituo cha polisi Amerika Kaskazini.

Haja ipo kweli. Tatizo ni kwamba kampuni zinazokifukuzia kifaa hiki bado hazijawauzia polisi kitu cha kutosha, na zile ambazo tayari zinawauzia polisi vipimo vya bangi hazipimi pumzi. Mwekezaji asiyeliona pengo hilo atalipa bei ya ndoto.

Pombe ni rahisi kupima. Inageuka mvuke, inatoka kwenye damu na kuingia mapafuni, na mtu akipuliza, inatoka kwa kiasi kinacholingana na kilichomo mwilini. THC, kemikali ya bangi inayolevya, haifanyi hivyo. Ni nzito, haigeuki mvuke kirahisi, nayo hutoka imebebwa na matone madogo mno ya unyevu kutoka mapafuni. Wataalamu huihesabu kwa pikogramu, yaani sehemu moja ya trilioni ya gramu. Kuikamata si kazi ndogo, na kuipima kwa uhakika usiku, kando ya barabara, katika baridi, ni kazi kubwa zaidi.

Taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kulichunguza jambo hili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Watafiti walikwenda kwa washiriki na gari lililogeuzwa kuwa maabara ndogo, kwa sababu sheria ya shirikisho haikuwaruhusu kuwapa watu bangi wenyewe. Walichukua pumzi kabla ya mtu kuvuta, na tena saa moja baada ya kuvuta. Walitarajia THC iwe imepanda, lakini haikupanda kwa wote. Viwango vya kabla na vya baada vilichanganyikana kiasi kwamba pumzi moja pekee isingetosha kusema nani amevuta muda mfupi uliopita. Mtu yeyote anayetaka kununua hisa hizi angepaswa kuusoma utafiti huo kabla ya kusoma tangazo lolote la kampuni.

Kuna kizuizi kingine, cha kisheria. Mwaka 2017 idara ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, iliripoti kwa Bunge kwamba kiwango cha THC hakionyeshi vizuri ulevi wa dereva kama kiwango cha alkoholi kinavyoonyesha. Kifaa kikamilifu kingesema "huyu amevuta karibuni", bila kusema "huyu hawezi kuendesha". Hata hivyo jibu hilo la kwanza lina thamani. Kipimo cha mkojo kinaweza kumnasa mtu aliyevuta siku nyingi nyuma, na naona ni dhuluma mtu kupoteza kazi kwa kitu alichofanya wikendi akiwa nyumbani, katika jimbo lililomruhusu. Ndiyo maana ningependa kuiona teknolojia hii ikifaulu.

Sasa tuangalie kapu la hisa. Ukitaka kucheza kamari moja tu ya pumzi, jina linalotajwa zaidi ni Cannabix Technologies ya British Columbia, iliyoorodheshwa kwenye Canadian Securities Exchange kwa alama BLO. Ilikuwa kampuni ya kutafuta madini kabla ya kubadili jina na kazi mwaka 2014. Mmoja wa waanzilishi wake ni afisa mstaafu wa polisi wa shirikisho wa Canada, na imeshirikiana na watafiti wa University of Florida. Zaidi ya miaka kumi baadaye, bado inaishi zaidi kwa kuuza hisa mpya kuliko kuuza vifaa.

Hound Labs ya California imefika mbali zaidi kwa upande wa fedha. Mwanzilishi wake, Mike Lynn, ni daktari wa dharura aliyewahi pia kuwa naibu sherifu wa akiba, na mwaka 2019 ilikusanya dola milioni 30 kwa mkupuo mmoja. Lakini ni kampuni binafsi. Hisa za namna hiyo kwa kawaida huuziwa Wamarekani wenye kipato cha zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, au mali ya zaidi ya milioni 1 bila kuhesabu nyumba wanayoishi. Jambo la kuzingatia ni kwamba imegeukia waajiri, na sampuli zake husomwa maabara. Mtengenezaji akiiacha barabara na kwenda kiwandani, ametuambia soko liko wapi.

Lifeloc Technologies ya Wheat Ridge, Colorado, huuza vipimo vya pombe na inatafuta cha bangi huku ikiingiza mapato. Hisa zake hazibadilishani mikono mara nyingi, hivyo kutoka huweza kuwa kugumu kuliko kuingia.

Upande wa pili wapo wanaopima mate. Canada iliidhinisha DrugTest 5000 ya Dräger mwaka 2018, kisha SoToxa ya Abbott mwaka 2019. Victoria, Australia, imekuwa ikipima mate barabarani tangu Desemba 2004. Hao ndio ambao polisi wanawalipa. Lakini Abbott ina mapato ya zaidi ya dola bilioni 40 kwa mwaka, na Dräger huishi kwa mashine za hospitali na vifaa vya usalama. Ukinunua Abbott umenunua kampuni ya afya inayolipa gawio, na kipimo cha bangi humo ni tone baharini.

Gharama ndiyo inayowaumiza wadogo. Chukua mfano: hisa ya senti inauzwa kwa senti 44, na anayenunua kutoka kwako anatoa senti 40. Umeweka dola 500. Ukiuza palepale unapoteza dola 45, na dalali anayetoza dola 6.95 kwa kila muamala wa hisa za nje ya soko rasmi anachukua karibu 14 zaidi. Hiyo ni karibu asilimia 12 kabla kampuni haijafanya kosa lolote. Usiweke agizo la kununua kwa bei yoyote. Taja kikomo chako.

Halafu kuna hisa mpya. Kampuni yenye hisa milioni 100 ikiuza nyingine milioni 20, na wanunuzi wakatumia hati za kununua milioni 10 zaidi, fungu lako la umiliki limepungua kwa asilimia 23 bila wewe kuuza hata moja. Kampuni isiyo na mauzo itafanya hivyo tena na tena.

Kwangu mimi, anayetaka usalama wa pesa aangalie wapima mate, akijua anachonunua kwa kweli ni kampuni ya afya. Anayetaka Cannabix au Lifeloc aweke kiasi ambacho kikipotea chote, ada ya shule ya mtoto na kodi ya nyumba vitabaki salama. Na kabla ya kulipa, afungue ripoti ya robo mwaka, kwenye tovuti ya SEDAR+ kwa kampuni za Canada au ya EDGAR kwa za Marekani, atafute fedha taslimu zilizopo na agawanye kwa matumizi ya robo hiyo. Ikitoka mbili, ndani ya miezi sita kampuni itakuwa inatafuta pesa, na wa kwanza kupunguziwa umiliki atakuwa yeye.