Ozoni ya Mchana: Gesi Isiyoonekana Inayodhuru Mapafu

Jina la ozoni limezoeleka kwa wema wake. Tabaka lake lililo juu sana angani huchuja miale mikali ya jua, na tumekuwa tukihimizwa kulilinda. Gesi hiyohiyo ikiwa karibu na ardhi, mahali tunapovuta hewa, hudhuru mapafu.

Ozoni hii haitoki moja kwa moja kwenye bomba la gari. Moshi wa magari na viwanda huchanganyika na mvuke wa petroli, rangi na viyeyusho, kisha mchanganyiko huo hupikwa na jua. Wakazi wa Los Angeles, Marekani, walisumbuliwa kwa miaka na ukungu uliowasha macho, hadi mwanakemia Arie Haagen-Smit alipoeleza asili yake mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa kuwa jua ndilo mpishi, ozoni huwa kidogo asubuhi, hufikia kilele mchana na alasiri, kisha hupungua jua linapozama. Upepo nao huisafirisha. Anayeishi pembezoni mwa mji, mbali na foleni za magari, asidhani amesalimika. Huko ozoni huweza kuzidi ile ya katikati ya mji.

Ikiingia mwilini, ozoni huunguza utando laini wa njia za hewa. Koo huwasha, kikohozi huja, na mtu huhisi maumivu anapovuta pumzi ndefu. Kwa mgonjwa wa pumu, njia hizo huvimba na kubana, na shambulio laweza kumpata hata siku inayofuata, wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka mechi ya jana alasiri. Watoto wamo hatarini zaidi: mapafu yao bado yanakua, na wakilinganishwa na watu wazima kwa uzito wa mwili, wao huvuta hewa nyingi zaidi. Wanaofanya kazi za nguvu juani, kama vile mafundi ujenzi na wasukuma mikokoteni, huvuta kiasi kikubwa kwa sababu hiyohiyo ya kuhema.

Jambo moja hupotosha wengi. Mtu akivuta ozoni siku kadhaa mfululizo, kikohozi na maumivu huweza kupungua, naye akaamini kwamba mwili umezoea. Uvimbe ndani ya mapafu huweza kuendelea hata hivyo.

Barakoa ya kitambaa au ya kuzuia vumbi haisaidii, kwani ozoni ni gesi nayo hupenya. Kinga iliyo bora haigharimu kitu: kubadili saa. Mazoezi, michezo ya shule na kazi nzito zifanyike asubuhi kila inapowezekana. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu, na akiona anaihitaji mara nyingi kuliko kawaida amwone daktari. Palipo na vipimo vya hewa, Shirika la Afya Duniani limependekeza wastani wa saa nane usiozidi mikrogramu 100 za ozoni kwa mita moja ya ujazo.

Mtumiaji awe macho pia dukani. Kuna mashine zinazouzwa kwa maelezo kwamba husafisha hewa ya chumba kwa kutengeneza ozoni. Kiasi cha ozoni kinachoweza kuua vijidudu hewani hupita kile ambacho binadamu anaweza kukivuta salama, na kiasi kidogo kuliko hicho hakiisafishi hewa ipasavyo. Jimbo la California, kwa mfano, haliruhusu kuuzwa kwa visafisha hewa vya nyumbani vinavyotoa ozoni inayozidi sehemu 0.050 kwa milioni. Kabla ya kulipa, soma maelezo ya kifaa na umuulize muuzaji waziwazi iwapo kinatoa ozoni, na kwa kiasi gani. Asipoweza kujibu, usikinunue. Kama tayari unacho nyumbani, kizime, ufungue madirisha, na usikiwashe tena chumbani mwenye watu, hasa anapolala mtoto.